Msoma Mita

Baa huonyesha sura yake halisi saa tatu asubuhi:
viti vimepinduliwa mezani, miguu juu kama mbuzi wa sikukuu,
na paka analikagua jiko la choma kabla ya mwenyewe.
Hapo ndipo ninapoingia mimi, na daftari langu na kopo la kuchotea tope,
nafunua kifuniko, nafuta kioo kwa kidole gumba,
nasoma.

Miaka kumi na moja nasoma mita za maji Moshi,
Pasua, Majengo, Njoro, hadi Kiboriloni kwenye vumbi.
Mita haijui kusengenya. Inahesabu tu.
Lakini ukikaa na namba sana, zinaanza kukuzoea.

Kwa Shirima, Majengo: wateja mia kila Ijumaa,
na uniti nne kwa mwezi.
Pale mimi nakunywa soda. Ya chupa. Kwa mrija.
Sisemi zaidi.

Kwa Mama Aisia wa Pasua, mwenye mbege "isiyoguswa na maji":
uniti thelathini na mbili.
Nilimwandikia bili kwa mwandiko mzuri,
akacheka mpaka akashika ukuta:
"Mwanangu, ulezi nao unapata kiu."

Bondeni kuna kitimoto cha nyuma ya pazia.
Humo kila mtu ana jina la utani na kofia iliyoshuka.
Mzee wa kanisa alinikuta, nikamkuta;
tangu siku hiyo tunasalimiana kwa heshima kubwa mno.

Ya kwangu mimi iko Njoro, haina hata bango.
Bango lilichukuliwa na upepo,
likaonekana limeezeka banda la kuku kwa jirani.
Haikaeli akasema, liacheni, wanaokuja kwangu wanajua njia.
Jikoni yuko Ndewirwa, jicho moja limekwisha.
"Mji unaitwa Moshi," husema, "kodi yake nimelipa kwa jicho."
Hakuulizi kilo ngapi. Anakutazama mabega,
anajua kama leo ni ubavu,
au ni mtori tu, na unyamaze.
Siku niliyotoka KCMC na nguo za mama kwenye mfuko
aliniletea ndizi mbili za kuchoma,
na chumvi kwenye karatasi ya daftari la hesabu la mtoto.
Neno hakuleta.

Machi, mita yao: uniti tisa.
Aprili, tatu.
Mei, haijasogea hata chembe.
Kufuli. Haikaeli kapelekwa Arusha kwa mwanawe, mguu, sukari,
na Ndewirwa anachoma mahindi karibu na stendi,
jicho lake zima likipepesa kila anayeshuka.
Sheria inasema miezi mitatu ya sifuri, kata, ng'oa mita.
Juni nikaandika: *Mbwa mkali. Haikusomeka.*
Julai: *Mbwa mkali.*
Agosti bosi akaniuliza huyo mbwa anakula nini.

Nilijaribu kwingine. Soweto wana taa za bluu
na muziki unaokupiga kifuani kama askari.
Nyama inakuja na uma, na risiti.
Nilikula nikashiba, nikarudi nyumbani na njaa.

Desemba, Wachaga wanaporudi kuhesabiwa,
magari yamefungwa magunia ya mchele juu
na watoto ndani wasiojua hata salamu ya bibi,
nikapita Njoro, daftari kwapani.
Mlango wazi. Ndoo. Povu.
Mtu anasugua meza kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkongojo,
kanga imening'inia upande mmoja bila kitu cha kuizuia.
Hakunisalimia.
"Wewe na mbwa wako," akasema.

Nikapiga magoti, nikafuta kioo kwa kidole:
kile kishale chekundu kinazunguka,
kinazunguka kama kimechelewa mahali.

Uani mkaa ulikuwa umeanza kulia.
Nikaandika namba kama ilivyo,
nikashusha kiti kimoja,
nikayaacha mabega yaagize.